Kifuniko cha Saa ya Tata

Siku ya kuondoa matanga ya baba yetu, tata kama tulivyomwita, kaka yangu Joackim alivishwa kanzu ya tata, akakalishwa kwenye kiti chake na kushikishwa mkuki. Ndiyo desturi yetu huku Maruku. Mtoto wa kwanza wa kiume anakuwa omusika, yaani mrithi, na nyumba na kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka, vinakuwa vyake. Sikuwa na kinyongo juu ya hilo. Nimejua tangu utoto kwamba mimi ni wa pili.

Kinyongo kilikuja baadaye kidogo, akamwani ilipoanza kuzunguka. Akamwani ni kahawa yetu ya kutafuna. Katika ukoo wetu kikapu chake kinaanzia kwa mwenye nyumba, kinapita mkono kwa mkono mpaka kwa mtu wa mwisho mlangoni, na huyo wa mwisho anakirudisha kwa mwenye nyumba ili atafune punje za kufunga. Neno linalosemwa kikapu kikiwa njiani linahesabiwa kuwa limesemwa mbele ya wote. Joackim anajua hivyo vizuri kuliko mimi.

Baba mdogo Ndyamukama, ndugu pekee wa tata aliyebaki hai, alimwuliza omusika amemtengea nini mdogo wake. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, mahali pangu pa siku zote. Joackim akainuka, akaingia chumbani, akatoka na saa ya mkono ya tata, ile ya kutia ufunguo, ambayo ilikuwa imekufa kwa zaidi ya miaka thelathini. Akanirushia mapajani.

"Aliyeiua ndiye aizike," alisema. "Na siku ikitembea, Ildefons, njoo nayo hapa nikupe kile kishamba cha kahawa cha bondeni. Nasema mbele ya ukoo."

Watu walicheka. Hata walionipenda walicheka, kwa sababu hadithi ya saa ile waliijua wote.

Kishamba cha bondeni kina mibuni mia mbili hivi. Nusu nimeipanda mimi, na yote nimeipogoa mimi mwaka baada ya mwaka, wakati Joackim akifundisha sekondari huko Muleba na kuja nyumbani mwisho wa wiki na mkoba wake wa ngozi. Tata alipougua, mimi ndiye niliyemwogesha. Kwangu mwenyewe nimejenga pembeni mwa rweya, kwenye nyasi tupu ambako mgomba unaota kwa kubembelezwa. Haya yote kila mtu aliyajua pia, lakini hayakumchekesha mtu.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Nikisimama hata jina langu linanitoroka. Nilitia saa mfukoni, nikatafuna akamwani yangu, nikarudisha kikapu kwa omusika kama inavyotakiwa. Lakini njiani kurudi nyumbani niliapa. Nitaitengeneza saa hii kwa mikono hii hii anayoicheka. Nitampelekea mbele ya watu wale wale, nyumba ile ile, na atautema ule mzaha wake mbele yangu.

Hadithi waliyokuwa wakiicheka ni hii. Mwaka 1991 nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la saba. Tata ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa kigango chetu, na kengele aliipiga kwa saa ile. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi alikwenda Muleba kwenye msiba wa dada yake, akakaa huko wiki mbili. Saa aliiacha kwenye msumari juu ya kitanda chake, akiogopa kuipoteza katika watu wengi. Aliporudi aliivaa kama kawaida, na ilikuwa inatembea.

Siku chache baadaye ikawa Jumapili ya Misheni, na padri alikuwa anakuja kwetu. Tata alikuwa ananawa miguu nje. Akanituma nikamletee saa na kuitia ufunguo. Niliizungusha mara tatu, nikazungusha ya nne, ikatoa mlio mdogo kama wa mtu anayevunja punje ya mtama kwa meno, ikasimama. Niliogopa. Nilimpelekea bila kusema neno, naye akaivaa bila kuisikiliza. Alisimama chini ya kengele akiangalia mishale isiyosogea, mpaka pikipiki ya padri ikaingia uwanjani, kanisa likiwa limefungwa na watu wakiwa bado majumbani wanapaka mafuta. Mbele ya padri, tata alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo.

Jioni alinipiga, lakini fimbo zinapoa. Kisichopoa ni kile alichosema Joackim. Alikuwa amekaa pale anakula, kijana wa kidato cha tatu, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Nilimwona akiikaza kwa nguvu." Mwezi wa kwanza jina langu lilitoka kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Tata akasema hawezi kumsomesha mtu ambaye mkono wake unavunja na mdomo wake unaficha. Akachukua jembe akanipa. Tangu mwaka ule, nikipita penye pombe kuna mtu ataniuliza, "Ildefons, saa ngapi?" Wazee waliniuliza, na sasa watoto wao wananiuliza.

Saa ilikaa kwenye kopo la majani ya chai mwaka mzima na zaidi, kwa sababu niliogopa kuigusa. Baada ya Pasaka ya pili tangu matanga likaja tangazo kwamba misa ya kumbukumbu ya tata, ya kutimiza miaka miwili, itasomwa nyumbani mwezi wa saba na ukoo wote utakuwepo. Nikaona siku yangu imepangwa. Nikalitoa kopo.

Sikujua lolote. Binti yangu Edvina, aliyeolewa Kahororo, aliniwekea kwenye simu video za mafundi wa saa wa nchi za mbali. Walikuwa wakisema lugha nisiyoijua, nikawa natazama mikono yao tu. Nilifanya kazi barazani mchana, baada ya kutoka shambani, jua likiwa juu, kwa sababu macho yangu si ya ujana tena. Nilikaa pale pale tulipoanika kahawa, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kifuniko cha nyuma nilikifungua kwa kisu cha kumenyea ndizi, kikanikata dole gumba, kisha kikaruka na kutua kwenye mkeka katikati ya kahawa. Kukiona kile hakukunichukua muda. Lakini kesho yake niliangusha skrubu ndogo kuliko yai la chawa, na mimi na mke wangu Renatha tukapepeta kahawa yote kwa ungo, ungo baada ya ungo, mpaka ikaonekana imebanana na ganda.

"Baba Edvina," aliniambia akijinyoosha mgongo, "ukipata hilo shamba, skrubu utaiokota wewe peke yako." Kisha akaenda kuniletea sinia jeupe la wageni, akasema kuanzia siku hiyo saa ile ikae humo.

Ndani ya saa niliona kitu ambacho hata mimi nilikielewa. Katikati ya magurudumu mawili kulikuwa na skrubu imelala, imeyabana kama jiwe kwenye meno. Na pembeni, kwenye kipande cha bati la njano, kulikuwa na tundu moja tupu lisilo na skrubu, wakati matundu mengine yote yalikuwa nazo. Nilikaa nikiangalia tundu lile muda mrefu. Skrubu haiwezi kujitoa kwa mtu anayetia ufunguo kwa nje. Inalegea kwa sababu mtu aliifungua, kisha hakuikaza sawasawa. Lakini tata alituambia maisha yake yote kwamba saa ile haijawahi kufunguliwa tangu ainunue.

Ndipo nikakichukua kifuniko. Ndani kilikuwa kimefubaa, na nilikuwa nimeona mikwaruzo nikadhani ni ya uzee. Nilikisugua kwa majivu na kitambaa, nikakilaza upande mbele ya jua. Mikwaruzo ikawa herufi, nyembamba, zimechorwa kwa kitu chenye ncha. *Joackim 12.10.91.*

Nilikisoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kumi. Tata alikuwa Muleba kwenye msiba. Saa ilikuwa kwenye msumari. Na Jumapili ya Misheni ilikuja siku nane baadaye.

Sikutaka kukosea. Jumatatu nilikwenda Bukoba mjini, kwa Anwari, ambaye ana kibanda karibu na soko. Baba yake alikuwa fundi saa aliyejulikana, sasa ni marehemu. Anwari mwenyewe anauza betri, mikanda na vioo vya simu. Nilimpa kifuniko. Alikitia kwenye lenzi ya jicho, akatabasamu kabla hajasema.

"Hii ni sindano ya mzee," alisema. "Kila saa aliyofungua alichora ndani jina la aliyeileta na siku yenyewe, ili mtu akija kubisha amwonyeshe."

Nikamwuliza kama haliwezi kuwa jina la mwenye saa.

"Mwenye saa angemjulia wapi, kaka? Jina ni la yule aliyesimama hapa dirishani."

Hakujua amenipa nini. Akataka kunitolea mashine yote anitilie ya betri, nisihangaike tena na ufunguo. Nilikataa. Nilinunua bisibisi ndogo na kibano. Kuhusu mafuta alisema yake ni maalumu, ya kuguswa kwa ncha ya sindano tu, na kwamba angeagiza Mwanza ila hajui yatafika lini. Akanionya nisije nikatia mafuta ya kupikia.

Tangu siku hiyo sikuwa nikitafuta kishamba tu. Nilikuwa nikipogoa migomba na kumsemesha Joackim kwa kila jani ninaloshusha. Nilitunga maneno ya kila namna, mengine mafupi, mengine marefu kama mahubiri. Akilini nilimwona akiivaa saa ya tata kwenda nayo dansini, akiiangusha, akikimbia nayo mjini, akiirudisha kwenye msumari na kufuta vumbi. Hilo ningeweza kulimeza. Ujana ni ujana. Nilichokirudia kila siku ni ile sahani yake na macho yake yaliyokuwa hayainuki. Renatha alinisikia nikisema peke yangu migombani, akaniomba nichukue shamba na kuyaacha hayo mengine. Nikamwambia shamba ni la kahawa, hayo mengine ndiyo yangu.

Skrubu niliitoa kwa kibano, nikairudisha kwenye tundu lake. Ilinichukua siku nne, kwa sababu mkono wangu umezoea jembe na panga. Mashine niliiosha kwa petroli niliyoomba kwa mwendesha bodaboda, nikisugua kwa unyoya wa kuku. Siku niliyoirudisha kwenye ganda lake na kuitia ufunguo, kile kigurudumu kinachocheza kushoto na kulia kilicheza mara sita kikasimama. Nilikipuliza, kikacheza mara kumi. Nikajua ni ukavu. Mafuta ya Mwanza hayajafika, na misa imebaki wiki mbili.

Nilikumbuka mkuki wa tata. Kila mwaka aliupaka samli, na haujapata kutu tangu enzi za babu. Kisu chake cha kunyolea alikipaka samli. Mafuta ya kupikia ndiyo Anwari aliyonikataza, lakini samli kwetu ni zaidi ya kupikia. Basi nikachovya sindano kwenye kibuyu cha Renatha, nikagusa kila mahali palipo na mhimili, na pengine niligusa zaidi ya mara moja. Saa ikatembea. Niliiweka sikioni, nikasikia mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu nikiwa na miaka kumi na minne.

"Saa inakula samli kuliko sisi," Renatha alisema, akifunga kibuyu chake.

Kila mchana niliitia ufunguo, ikatembea. Asubuhi niliikuta imesimama. Nilidhani ufunguo umeisha.

Siku ya misa ilikuwa Jumamosi. Mwezi wa saba huku kwetu asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani na kulala juu ya migomba, na watu walikuja na masweta na mashuka mabegani. Nilikuwa nimeitia saa ufunguo alfajiri, kwa haraka, bila kuisikiliza, nikaitia kwenye mfuko wa koti. Misa ilikwisha, padri akanywa chai akaondoka, ukoo ukaingia ndani. Joackim alikaa kwenye kiti cha tata. Kikapu cha akamwani kikaanza safari.

Kilipofika katikati nilisimama. Watu wengine hawakuamini kwamba nimesimama ili kusema. Mmoja alisogeza miguu akidhani natoka nje. Nilisema kwamba omusika aliniahidi kitu siku ya matanga, na kwamba saa hii hapa, inatembea. Hayo tu. Nilimpa baba mdogo Ndyamukama.

Mzee aliiweka sikioni. Akaihamishia sikio la pili. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko.

"Haisemi, mwanangu."

Joackim aliegemea kiti kwanza, kama mwalimu mbele ya darasa.

"Ildefons," akasema, "saa ngapi?"

Nyumba nzima ililipuka. Alipoona wanapungua akaongeza, "Mwacheni, ndugu zangu. Labda nayo inaona aibu kusema mbele ya watu, kama mwenyewe." Wakacheka upya. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba ya baba yangu, mtoto wa miaka kumi na minne tena.

Renatha alikuwa na wanawake wenzake karibu na mlango wa jikoni. Alikuja na birika mkononi.

"Baba waitu," alimwita mzee kwa heshima, "naomba hiyo saa."

Mkwe hapokei kitu mkononi mwa baba mkwe, kwa hiyo mzee aliiweka kwenye mkeka, naye akapiga magoti akaiokota. Aliibandika kwenye tumbo la birika la chai, akaviringisha ncha ya kitenge chake juu yake, akakaa hivyo hivyo kama mwanamke anayebembeleza mtoto.

"Ni samli," aliwaambia watu, bila haraka. "Mume wangu ameipaka samli. Hata iliyomo kwenye kibuyu changu asubuhi hii imeganda. Subirini iamke."

Walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa cha namna nyingine, na wanawake wawili walisikika wakisema kwamba ni kweli, samli ya mwezi huu inachotwa kwa kijiko. Mimi nilielewa palepale kwa nini kila asubuhi niliikuta imekufa. Renatha aliinamisha sikio, akafungua kitenge, akairudisha kwenye mkeka.

Baba mdogo aliisikiliza. Uso wake ukabadilika polepole.

"Inakwenda," alisema. "Hii ndiyo sauti yake. Nilikuwa naisikia kaka yangu Karugendo akinikumbatia."

Ikapita mkono kwa mkono, sikio kwa sikio, ikifuata njia ile ile ya kikapu. Joackim hakuinyooshea mkono ilipomfikia. Jirani yake aliipitisha mbele yake. Akasema kwamba siku ile alitania tu. Mzee akamjibu, "Ulitania kikapu kikiwa njiani. Kishamba ni chake." Watu wakaitika kwamba ni chake.

Ningeweza kukaa. Renatha alikuwa ananitazama kwa macho yanayosema kaa. Joackim mwenyewe ndiye aliyenizuia. Alitabasamu, akanyoosha mikono kama mtu mwenye roho kubwa.

"Haya, achukue. Aliivunja, ameitengeneza. Yamekwisha."

Saa ilikuwa imerudi kwangu. Nilikibandua kifuniko kwa bisibisi, nikatembea mpaka kwenye kiti cha tata. Maneno yote niliyotunga migombani yalikuwa yamenikimbia. Yalibaki haya.

"Kaka, wewe ni mwalimu. Mimi niliishia la saba. Tusomee kilichoandikwa humu."

Alikipokea kwa kudharau. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na nikaona alipokiona. Sitasahau. Shingo yake ilijaa, kisha ikapungua.

"Sina miwani," alisema.

Baba mdogo akavua yake, nayo ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia. Hakuwa na pa kukimbilia. Aliivaa. Saa ilikuwa ikilia kwenye kiganja changu.

"Joackim," alisoma, sauti ndogo.

"Kuna na tarehe."

"Kumi na mbili, mwezi wa kumi, tisini na moja."

Nikawaeleza kwamba ni maandishi ya fundi wa mjini, aliyeandika jina la mtu aliyempelekea saa. Nikawaeleza skrubu ilivyolegea ikaangukia ndani. Mzee Ndyamukama alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Wiki hiyo tulikuwa Muleba, tunamlilia dada yetu," alisema. "Karugendo alikuwa amelala mkeka mmoja na mimi. Joackim, saa ya baba yako ulikuwa nayo wewe mjini?"

Joackim alikiangalia kifuniko kama kwamba kingemjibia. Akasema alikuwa kijana. Akasema iliingia maji, akamwogopa tata.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne," nilimwambia. "Nami niliogopa. Lakini wewe ulisema uliniona."

Hakuna aliyecheka. Nilichukua kifuniko mkononi mwake, nikarudi mlangoni. Kikapu kilikuwa kimefika mahali pangu kikiwa na punje chache chini. Mimi ndiye mtu wa mwisho, na kazi ya mtu wa mwisho ni kukirudisha. Nilikibeba mpaka mbele ya omusika. Alinyoosha mkono, kiganja juu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nikakifunika kikapu kwa mfuniko wake, nikakipita kiganja kile, nikakiweka miguuni pa baba mdogo Ndyamukama. Katika nyumba yake mwenyewe, kwenye kiti chenyewe, mbele ya ukoo wote, kaka yangu alinyimwa akamwani. Mzee hakunikemea. Joackim aliurudisha mkono wake pajani akauacha hapo, na ulionekana mzito.

Mpaka wa kishamba ulionyeshwa mchana ule ule. Wiki mbili baadaye Joackim alikuja kwangu, kwa miguu, bila mkoba. Alileta kitambaa kwa ajili ya Renatha. Alikaa muda mrefu akisifia mihogo yangu, kisha akaomba nimpe kifuniko kile, naye ataninunulia saa mpya, nzuri, ya aina yoyote. Nilimwambia kifuniko kiko mahali pake, nyuma ya saa. Akaniuliza nataka nini tena. Mtu ambaye nilitaka asikie kuliko wote amelala nyuma ya nyumba ile, chini ya saruji, naye alikufa akiamini mkono wangu ndio uliovunja. Hilo Joackim hawezi kulirudisha na mimi siwezi kulisamehe, basi tulikaa tukitazama kuku mpaka akaaga.

Mafuta ya Mwanza yalifika. Anwari alicheka mpaka akakaa chini nilipomweleza habari za samli, kisha akanionyesha namna ya kuiosha yote na kutia tone kwa ncha ya sindano. Sasa saa inatembea hata asubuhi ya ukungu. Nikipita penye pombe bado wapo wanaoniuliza saa ngapi. Nawaambia, nao wanakwenda zao.

Joackim bado anakuja mwisho wa wiki kuangalia kibanja, na Jumapili anasali na sisi kigangoni, benchi la mbele, kwa sababu ni mwalimu na ni omusika. Zamani nilikuwa nasimama nyuma kabisa. Sasa ninakaa benchi la pili, nyuma ya mgongo wake. Baada ya komunyo padri anatuacha kimya tusali. Ndipo ninapoivua saa na kuitia ufunguo. Inachukua mizunguko ishirini na minane, na katika kimya kile kila mzunguko unasikika. Siharakishi. Kufikia wa kumi shingo yake inakakamaa. Kufikia wa ishirini anainamisha kichwa, na watu wanadhani anasali.